Bei ya Mfuko na Bei ya Bakuli

Chui aliletwa nyumbani siku ya tatu baada ya wezi kuruka ukuta wetu wa Kihonda, hapa Morogoro, wakaondoka na kuku kumi na mmoja na betri ya sola. Mume wangu ni dereva wa lori, wiki nzima yuko barabarani kati ya Dar es Salaam na Tunduma. Mimi nabaki na watoto watatu na duka la vitambaa. Shemeji akaona tusilale hivi hivi, akatuletea mtoto wa mbwa jike, chotara wa kienyeji na German Shepherd, umri wa wiki nane, masikio bado yamelala. Watoto wakamwita Chui kwa ajili ya mabaka ya mgongoni.

Sikuwahi kufuga mbwa wangu mwenyewe. Nyumbani kwa wazazi wangu mbwa alikula kilichobaki chunguni, na siku isiyobaki kitu alijua mwenyewe pa kwenda. Nikamlisha Chui vilevile, ila kwa ukarimu zaidi: ugali wa dona, mchuzi kidogo, na mapupu ya ng'ombe kutoka buchani mara tatu kwa wiki. Alijaa tumbo, akakua haraka, akaanza kubweka. Niliamini namlisha vizuri kuliko mbwa wote wa mtaa.

Alipofika miezi minne nikaona hapendi kusimama. Akisimama, miguu ya mbele inatanuka nje na kulegea, anakanyagia kifundo badala ya vidole. Asubuhi moja aliruka kutoka barazani, ngazi mbili tu, akapiga ukelele, na mguu wa kushoto hakuukanyagia tena.

Daktari wa mifugo aliupapasa ule mguu taratibu, akaniuliza jambo moja tu: "Mama Neema, anakula nini huyu?" Nikamjibu kwamba anakula nyama, na nilitegemea anisifu. Akavuta kiti, akanieleza. Nyama tupu ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno, fosforasi inaizidi kalsiamu zaidi ya mara kumi. Mahindi nayo ni hivyohivyo, kalsiamu yake ni ya kutafuta kwa tochi. Mtoto wa mbwa anataka kalsiamu iwe sawa na fosforasi au iizidi kidogo, isifike zaidi ya mara mbili yake. Ikikosekana kwenye chakula, mwili unaichota kwenye mifupa ili damu isipungukiwe. "Amekuwa akila mifupa yake mwenyewe," akasema. Mfupa ulikuwa umepasuka kama kijiti kibichi, bila kukatika.

Mguu ulifungwa wiki nne. Chui akaandikiwa chakula kikavu cha watoto wa mbwa, kile cha punje, bila kuchanganywa na kitu. Alipona. Ule mguu umebaki na pindo dogo, na nikimwona anakimbia uani bado linaniuma, kwa sababu fedha za mapupu zilikuwepo na zingetosha kununua chakula sahihi. Nilizitumia bila kujua.

Naandika haya ya kuchagua chakula cha mbwa kwa mtu mwenye mbwa mmoja au wawili na fedha za kuhesabu, kama mimi. Mwenye uwezo wa kunyanyua mfuko wowote dukani bila kutazama bei atasaidiwa na daktari wake.

Chui alipotimiza mwaka tulikuwa tumeshamchukua na Bosi, dume la kienyeji lenye kifua kipana, na bajeti ikaanza kubana. Nikaacha kununua mfuko mzima, nikahamia kwenye kupima. Duka lilikuwa na mifuko imepangwa ukutani na mmoja uko wazi karibu na mlango, kopo limechomekwa ndani yake. Unasema kilo mbili, kijana anachota, anakupimia kwenye mfuko wa karatasi. Bei ya kilo ilikuwa chini kidogo kuliko ya mfuko uliofungwa, na sikujiuliza kwa nini. Sikujiuliza pia ule mfuko umekaa wazi siku ngapi, wala punje zilizo chini ni za lini.

Ilikuwa Aprili, masika yamekolea, nguo zinakaa kambani siku mbili hazikauki. Punje za safari ile zilikuwa na harufu ya mafuta ya chipsi yaliyorudiwa wiki nzima. Baadhi zilikuwa na unga mweupe wa kijivu ambao nilidhani ni vumbi la safari. Bosi alikula. Chui alinusa, akaondoka, nami nikamkasirikia kwa kudeka. Siku ya tatu Bosi akaacha kula, akatapika, akalala kivulini macho yamezama. Siku ya nne nilipomfunua mdomo ufizi ulikuwa wa njano, na mkojo wake ulikuwa na rangi ya chai kavu.

Alitundikiwa dripu siku tano. Daktari alisema ini limeumia na kwamba anashuku sumukuvu, ile sumu inayotengenezwa na ukungu kwenye mahindi na karanga. Hatukupeleka sampuli maabara, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba ndiyo. Ila zile punje zilizobaki aliziponda mkononi, akaninusisha, akazimwaga shimoni mwenyewe akazifukia, ili hata kuku wasizipate.

Sumukuvu tunaijua sisi kwa maafa. Mwaka 2004 iliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Lakini sikuwahi kuihusisha na mbwa. Daktari ndiye aliyenieleza kwamba mbwa ni dhaifu sana mbele yake, na kwamba mwishoni mwa 2005 huko Marekani zaidi ya mbwa 100 walikufa kwa chakula kikavu kilichotengenezwa kwa mahindi yenye ukungu. Chakula cha kiwandani, kwenye mfuko mzuri wenye picha. Kupika hakuiondoi. Kuosha na kuanika kunaondoa ukungu unaoonekana, sumu inabaki ndani ya punje. Tena mbwa halingani na sisi katika jambo moja: sisi leo tunakula ugali, kesho wali, keshokutwa ndizi. Yeye anakula mfuko uleule asubuhi na jioni kwa mwezi mzima. Kama mfuko una sumu kidogo, anaipata kila siku.

Tangu siku hiyo sinunui ya kupima. Hata nikiishiwa, nitapika wiki moja kuliko kuchota kwenye mfuko ulio wazi. Nalisema kwa uhakika hili kuliko yote nitakayoandika hapa. Nachukua mfuko uliofungwa kiwandani, wenye tarehe ya kutengenezwa inayosomeka. Wenye tundu la panya hata moja dogo uachwe, na uliolowa pembe ukauka usichukuliwe hata kwa nusu bei. Natazama mshono wa juu. Kuna mifuko iliyofunguliwa ikashonwa upya kwa mkono, na uzi wake haufanani na wa mashine. Mimi ni mtu wa vitambaa, huo naujua nikiwa mlangoni.

Sasa, mfuko upi? Hapo ndipo binti yangu Neema alipoingia. Yuko kidato cha pili, na maandishi ya nyuma ya mfuko yako kwa Kiingereza na herufi ndogo. Nilimwomba anisomee mifuko miwili niliyokuwa nasitasita kati yake. Mmoja wa kilo 20 kwa shilingi 80,000. Wa pili wa kilo 15 kwa shilingi 75,000. Kwa akili ya dukani jibu lilikuwa wazi: kilo moja kwa shilingi 4,000 au kwa shilingi 5,000, chukua wa kwanza. Kwa muda mrefu nilikuwa nachukua huo wa kwanza.

Neema akasoma. Wa kwanza: protini asilimia 18, mafuta 6, nyuzinyuzi 8, majivu 12, unyevu 10. Wa pili: protini 26, mafuta 14, nyuzinyuzi 3, majivu 8, unyevu 10. Majivu siyo majivu ya jikoni. Ni kile kinachobaki chakula kikichomwa chote, yaani madini, na yakiwa mengi sana mara nyingi ni dalili ya mifupa mingi iliyosagwa na nyama kidogo. Wanga hauandikwi, unautafuta mwenyewe: unajumlisha vyote vitano unatoa kwenye 100. Wa kwanza ulibaki na wanga 46, wa pili 39.

Daktari alikuwa ametupa njia ya kujua nguvu iliyomo. Katika gramu 100, zidisha protini mara 3.5, mafuta mara 8.5, wanga mara 3.5, kisha jumlisha. Neema akafanya kwenye kikokotoo cha simu, mezani, mimi nikikata kitambaa. Mfuko wa kwanza: kalori 275 kwa gramu 100. Wa pili: 346 na nusu.

Halafu mahitaji ya Bosi. Ana kilo 22, amehasiwa. Unachukua uzito, unauzidisha kwa wenyewe mara tatu, yaani 22 mara 22 mara 22. Unatafuta kipeuo cha pili cha jibu, kisha kipeuo cha pili tena cha jibu hilo. Unapata kama 10.16. Zidisha kwa 70, ni 711, hizo ni kalori za mbwa aliyelala tu anapumua. Mbwa mzima aliyehasiwa anayezunguka uani unazidisha tena kwa 1.6. Ikawa kalori 1,138 kwa siku.

Basi kwa mfuko wa kwanza Bosi anahitaji gramu 414 kila siku. Kwa wa pili, gramu 328. Neema akazidisha kwa bei, akanitazama, akarudia kuzidisha. Mfuko wa "rahisi": shilingi 1,656 kwa siku. Mfuko wa "ghali": shilingi 1,640.

Nilikaa na ile karatasi muda mrefu. Mwaka mzima nilikuwa nabeba kilo 20 kichwani nikifurahi kwamba nimeokoa, kumbe bakuli la jioni lilikuwa la bei ileile, tofauti ikiwa ni protini. Ninayo mpaka leo karatasi hiyo, imebandikwa ndani ya mlango wa kabati.

Ila hesabu hiyohiyo ndiyo iliyonizuia kupanda juu kupita kiasi. Kulikuwa na mfuko wa tatu, wa shilingi 9,000 kwa kilo, protini 30, mafuta 18, picha ya mbwa mwitu mbele. Ulipopigwa hesabu, Bosi angehitaji gramu 305, shilingi 2,745 kwa siku. Nguvu haikuongezeka kwa kiasi cha bei. Bosi halindi kondoo milimani. Anazunguka uani na kulala chini ya mwembe. Mfuko ule ni mzuri, sikatai, lakini haukuwa wa nyumba yangu.

Namba haziishii hapo, na nisingependa mtu azishike kama msahafu. Marekani kuna chama kiitwacho AAFCO ambacho kimeweka viwango vya chini: kwa mbwa mzima protini asilimia 18 na mafuta 5.5, kwa mtoto anayekua protini 22.5 na mafuta 8.5, chakula kikihesabiwa kama hakina maji kabisa. Ukikiondolea maji, chakula cha mfuko wa kwanza kinafikisha asilimia 20 ya protini, kwa hiyo kwa mbwa mzima kinapita. Kisichoandikwa popote ni kiasi gani cha protini hiyo kinayeyuka tumboni na kiasi gani kinatoka kilivyoingia. Manyoya ya kuku nayo ni protini, na mbwa hanufaiki nayo isipokuwa imesindikwa vizuri.

Hilo nililisoma mahali ambapo hakuna kiwanda kinachoweza kupamba: uani, asubuhi, na koleo mkononi. Kwa mfuko wa kwanza mbwa wawili walinipa mafungu manne hadi sita kwa siku, makubwa, laini, yenye rangi ya pumba na harufu inayofika barazani. Wiki mbili baada ya kuhamia wa pili yalipungua hadi mawili au matatu, madogo, magumu kiasi cha kuokoteka bila kuacha alama kwenye mchanga. Manyoya ya Chui yaliacha kukatika, akaacha kujikuna mkiani. Bosi aliyekuwa akilamba bakuli tupu nusu saa akawa anaondoka mwenyewe. Mtu akiniuliza leo kama chakula alichonunua ni kizuri, swali langu la kwanza ni kinyesi kikoje, na wengi hushangaa.

Kuhusu majina ya viungo, Neema alinifundisha kusoma kwa mpangilio: kinachotajwa kwanza ndicho kizito kuliko vyote wakati wa kuchanganya. Hapo kuna ujanja mara mbili. Nyama mbichi ya kuku ina maji kama asilimia 70, kwa hiyo inaweza kutajwa ya kwanza na ikishakauka ikawa kidogo kuliko mahindi. Unga wa nyama ya kuku umeshakaushwa, ukitajwa wa kwanza au wa pili una uzito wa kweli. Ujanja wa pili ni kuyagawa mahindi: mahindi hapa, pumba za mahindi pale, gluteni ya mahindi mbele kidogo, kila kimoja kinashuka chini ya nyama, na ukivirudisha pamoja mahindi ndiyo mfuko wenyewe. Na lile neno la mbele, "pamoja na nyama ya ng'ombe", kwa kanuni za Marekani linadai asilimia tatu tu ya ng'ombe huyo. Picha ya mnofu nilishaacha kuitazama.

Mahindi yenyewe sina ugomvi nayo. Kuna watu wanayakataa kabisa na kutafuta chakula kisicho na nafaka, kwa bei ya juu. Yakisagwa na kupikwa vizuri mbwa anayameng'enya, na mwaka 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilianza kuchunguza kama vyakula visivyo na nafaka, vyenye kunde na njegere nyingi, vina uhusiano na ugonjwa wa moyo kwa mbwa. Kwa mwenye fedha za kuhesabu, hiyo ni gharama ya kuiacha.

Neno ninalolitafuta kwanza, kabla hata ya protini, ni kama mfuko umeandikwa kuwa ni chakula kamili na ni cha mbwa wa umri gani. Kuna mifuko ya bei nzuri sana ambayo ukisoma vizuri ni chakula cha nyongeza tu, kinachotakiwa kwenda na kingine. Mtu akimlisha mtoto wa mbwa hicho peke yake atarudi palepale nilipokuwa na mapupu yangu. Kwa mtoto wa mbwa sichanganyi, sipunguzi, sijaribu. Nikikosa fedha ya chakula cha mtoto, bora nisichukue mtoto.

Kwa mbwa wazima nakiri kwamba nachanganya. Bosi na Chui pamoja wanahitaji kama gramu 646 kwa siku za ule mfuko wa kilo 15, ambao ungeisha baada ya siku 23 hivi. Bajeti yangu ni mfuko mmoja kwa mwezi, basi. Kwa hiyo wanapata gramu 500 za punje kwa wawili, na zilizobaki zinatoka jikoni: bonge dogo la ugali, dagaa wazima, yai la kuchemsha mara mbili kwa wiki, mchicha ukiwepo. Daktari alitaka chakula cha jikoni kisivuke sehemu ya kumi ya kalori. Mimi nimezidi kidogo sehemu ya tano, na nilimwambia ukweli. Akasema basi dagaa wasikosekane, maana wanaliwa na mifupa yao na ndiyo inayoleta kalsiamu. Dagaa wa chakula cha mifugo wengi wameanikwa mchangani, kwa hiyo nawaloweka maji ya moto, nawakoroga, namwaga, mara mbili, mpaka mchanga usibaki chini ya sufuria. Chumvi siweki, na kitunguu hakiingii kwenye sufuria ya mbwa hata kipande, kinaharibu damu yao. Mifupa ya kuku iliyopikwa nayo inapasuka vipande vyenye ncha; inakwenda shimoni.

Mizani ya jikoni niliyonunua kwa ajili ya unga wa maandazi ndiyo iliyookoa fedha nyingi kuliko mfuko wowote. Kabla yake nilikuwa napima kwa kikombe, na kila mtu nyumbani ana kikombe chake. Mtoto wangu wa mwisho alikuwa akijaza mpaka punje zinamwagika, kwa upendo. Tulipoanza kupima tuligundua Chui alikuwa anapata karibu robo zaidi ya mahitaji yake. Sasa kila Jumapili nampitishia viganja ubavuni: mbavu nazigusa bila kubonyeza, ila sizioni kwa macho, na kiuno kinaonekana nikimtazama kwa juu. Mbavu zikipotea chini ya mafuta, punguza. Zikihesabika ukiwa mlangoni, ongeza. Zile kalori za Neema ni mahali pa kuanzia, mbwa mwenyewe ndiye anayerekebisha.

Kuhifadhi ndiko nilikochelewa kujifunza. Nilikuwa namimina mfuko wote kwenye ndoo ya plastiki, naona ni usafi. Mafuta ya punje yananata kwenye plastiki, yanachacha, na kila mfuko mpya unamiminwa juu ya uchachu wa zamani. Sasa mfuko unabaki mfuko, nakunja mdomo, nabana kwa vibanio vya nguo, ndipo nautumbukiza wote kwenye ndoo yenye mfuniko. Ndoo imekaa juu ya matofali mawili, mbali na ukuta, chumba kisichopata jua la mchana. Mfuko ukiisha ndoo inaoshwa kwa sabuni na kukaushwa kabisa kabla ya mwingine. Na tangu siku unayoufungua, jitahidi uishe ndani ya wiki sita, hasa kwa joto la huku na masika. Ndiyo maana mwenye mbwa mmoja mdogo asivutwe na mfuko wa kilo 20 kwa sababu kilo inashuka mia tano. Wiki ya kumi atakuwa analisha mafuta yaliyochacha.

Ukibadilisha chakula, usibadilishe kwa siku moja. Nilifanya hivyo mara ya kwanza na nikadhani chakula kipya ni kibaya, kumbe ni matumbo hayajakizoea. Robo mpya kwa siku mbili tatu, kisha nusu, kisha robo tatu. Siku ya saba hadi ya kumi bakuli lote ni jipya.

Jirani yangu wa upande wa kulia, Bi Mkubwa, ni mtu wa swala na mbwa hawezi kumgusa, jambo ninaloliheshimu. Bakuli zetu zina bomba lake na sehemu yake ya kuoshea, mbali na uzio wake. Ni yeye aliyenisimamisha hivi karibuni akaniambia, "Mwanangu, yule mbwa wako wa mabaka tumbo limeshuka." Nikamtazama Chui vizuri kwa mara ya kwanza siku nyingi. Ana mimba. Dume la mtaa wa pili, bila shaka, siku lile geti lilipokwama.

Daktari amempapasa, anakadiria wiki ya tano. Mimba ya mbwa ni kama siku 63, kwa hiyo muda upo, lakini mdogo. Kwa wiki za mwanzo hakuhitaji kuongezewa. Kuanzia sasa anaongezewa taratibu, na akishazaa, wiki ya tatu na ya nne ya kunyonyesha atahitaji mara mbili hadi mara nne ya chakula chake cha kawaida, kutegemea idadi ya watoto. Na ugali umeondoka kwenye bakuli lake. Anahamia chakula cha watoto wa mbwa, yeye na wanawe watakula mfuko mmoja. Nimeuza doti mbili za vitenge nilizokuwa nimejiwekea, nikanunua mfuko wake wa kwanza jana. Kabla ya kulipa nilimpigia Neema picha ya maandishi ya nyuma, akanijibu kabla muuzaji hajarudisha chenji: protini 28, mafuta 16, kalsiamu 1.3, fosforasi 1.0, umetengenezwa miezi miwili iliyopita.

Mfuko upo kwenye ndoo, juu ya matofali. Neema ameuandika tarehe ya kufunguliwa kwa kalamu ya wino mzito, na chini yake gramu za Chui wiki kwa wiki, mpaka wiki ambayo watoto wataanza kulamba punje zilizolowekwa. Safu ya mwisho, ya watoto wenyewe, ameiacha wazi. Hatujui watakuwa wangapi.